Njia fupi katikati ya minara ya mawe

Wewe unayeishi Likasi, Kolwezi, Kipushi ao Lubumbashi, jiwe unalijua. Umeliona juu ya kamio, umelisikia likisagwa usiku, pengine umelibeba ndani ya mufuko juu ya mugongo wako. Chakula cha nyumba kilitoka ndani yake, na pesa ya masomo ya watoto vile vile. Lakini leo ninataka kukuuliza jambo moja: umekwisha kutembea siku moja kati ya mawe bila kutafuta kitu ndani yake? Si kuchimba, si kupima, si kuuza. Kutembea tu, na kutazama.

Mimi sikufanya vile mpaka mwaka 2018, na nilikuwa mutu muzima mwenye watoto. Baba yangu alifanya kazi ya mugodi miaka 27. Nilipokuwa mutoto, kila jiwe zuri niliookota barabarani nilimupelekea. Aliligeuza mara moja mukononi, akatafuta rangi ya kijani inayoonyesha mukuba, kisha akalitupa nje ya lupango. "Hamuna kitu," alisema. Hakuwa mutu mubaya. Alifundishwa kutazama jiwe namna ile, na mimi nilikua na macho yake.

Njia ninayotaka kukueleza leo iliyafungua macho yale kidogo. Ni njia ya miguu, fupi sana: kilometa 3 na nusu kwenda, na 3 na nusu kurudi. Iko mbali na sisi, katika jangwa la jimbo la Utah, inchi ya Marekani. Inaitwa Fisher Towers, maana yake Minara ya Fisher. Njoo tuitembee pamoja.

MAHALI PENYEWE

Ukiwa katika muji mudogo wa Moab, unashika barabara inayofuata muto Colorado. Muto uko upande mumoja, na upande wa pili kuta za mawe mekundu zimesimama juu ya kichwa chako. Kisha kama kilometa 35 unaacha barabara ya lami, unaingia njia ya vumbi ya kilometa 3 na nusu hivi. Hapo njia ya motoka inakwisha. Kuko nafasi ya kusimamisha motoka, kuko choo, kuko nafasi chache za kulala kwa wenye hema. Maji hakuna. Duka hakuna. Ile siku simu zetu zote zilinyamaza.

Nilifika pale mwezi wa 10, pamoja na ndugu mumoja mzaliwa wa Likasi anayeishi Marekani, ambaye alikuwa mutafsiri wangu, na muzee mumoja wa Moab, rafiki yake. Muzee yule alikuwa na miaka zaidi ya 70. Baba yake naye alikuwa mutu wa kutafuta mawe, na juu ya ile tulipatana upesi. Mutoto wa mugodi anamutambua mwenzake.

Niliposhuka katika motoka nilinyamaza. Umekwisha kuona vichuguu vikubwa vya Katanga, vile vinavyopita urefu wa nyumba? Wazia kichuguu cha namna ile, chekundu, chembamba, chenye mifereji toka juu mpaka chini sawa vile nta ya mushumaa ikiyeyuka. Sasa kiongeze urefu mpaka shingo yako iume kwa kukitazama. Munara mukubwa kuliko yote unaitwa Titan. Urefu wake ni karibu meta 275. Shemine ya Lubumbashi, ile bomba la moshi tunayoonyesha wageni kwa majivuno, ina meta 153. Hata shemine mbili zikipandana, Titan haiachwi mbali.

NAMNA ILE MINARA ILIVYOFANYIKA

Utauliza: nani alijenga? Hakuna mutu aliyejenga. Wenye elimu ya mawe wanaeleza hivi. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 250, upande wa mashariki wa mahali pale kulikuwa milima mirefu. Mito ikateremsha muchanga, matope na vijiwe kutoka katika milima ile, ikavitandika tabaka juu ya tabaka. Uzito ukavikaza, vikawa jiwe. Milima ya kwanza ikakwisha kabisa. Uchafu wake ndiyo huu uliobaki umesimama.

Kisha inchi ikapandishwa, jiwe likapasuka mistari mistari, na maji, baridi na upepo vikaingia katika nyufa. Mahali jiwe lilipokuwa laini, likaondoka. Mahali lilipokuwa gumu, likabaki. Juu ya minara kuko tabaka lingine la matope yaliyokauka. Mvua chache za kule zikipiga, matope yale yanateremka kwenye kuta na kukauka tena, sawa vile mama anapopaka udongo ukuta wa nyumba. Ile mifereji kama nta ya mushumaa imetoka pale.

Na rangi nyekundu je? Ni kutu ya chuma, ndugu yangu. Ni jamaa ya wekundu ule unaochafua soksi za watoto wako wakati wa kipwa.

Lakini usifikiri ni vitu vya kudumu milele. Karibu na njia ile kulikuwa jiwe moja dogo lililosimama juu ya shingo nyembamba, watu waliliita Cobra, jina la nyoka. Mwaka 2014 kichwa chake kilianguka. Wale waliokuwa na desturi ya kulipiga picha walikuta shingo tupu.

KABLA HUJAWEKA MUGUU

Hapa lazima nikiri kosa langu. Niliposikia "kilometa 3 na nusu", nilicheka moyoni. Sisi watu wa Katanga tunatembea kilometa 10 kwenda shamba na tunarudi na muzigo kichwani. Basi nilivaa viatu vyangu vya ibada, vya ngozi, chini laini. Nilibeba chupa moja ya maji, ya nusu lita. Kofia sikuwa nayo.

Muzee hakusema kitu. Alitazama viatu, alitazama chupa, akafungua nyuma ya motoka. Akatoa viatu vya mutoto wake, kofia ya zamani na chupa kubwa mbili za maji. Ndugu wa Likasi akatafsiri:

"Pasta, muzee anasema: jangwa haliulizi kama wewe ni mugeni."

Nilivaa. Viatu vilinibana kidogo, lakini nilinyamaza.

Sikiliza sababu. Moab hupata mvua ya milimeta 230 hivi kwa mwaka muzima. Lubumbashi tunapata zaidi ya 1,200. Hewa kule ni kavu sana, basi jasho linakauka mbele hujaliona. Unafikiri hutoki jasho, kumbe maji yanakutoka kila dakika. Wakati wa joto kali, mwezi wa 6 mpaka wa 8, joto linapita mara nyingi digri 38, na jiwe lenyewe linatoa moto sawa vile jiko. Desturi ya watu wa kule ni lita 4 za maji kwa mutu mumoja kwa siku. Wenye akili wanatembea mwezi wa 3 mpaka wa 5, ao wa 9 na wa 10. Na wanaanza asubuhi.

Tena muzee alifanya jambo lingine dogo. Alitazama saa yake, akasema: "Saa sita tukiwa hatujafika, tunarudi." Mutu asiyeweka saa ya kurudi anasukumwa na hamu yake, na hamu haibebi maji.

HATUA KWA HATUA

Basi tulianza saa tatu ya asubuhi. Njia inashuka kwanza, kisha inafuata chini ya minara, inaingia katika kila bonde dogo na kutoka, inazunguka kila mukono wa jiwe. Ndiyo maana kilometa zile ni ndefu kuliko kilometa za barabara. Unaona mahali unapokwenda, karibu kabisa, ungeweza kutupa jiwe likafika. Lakini njia inakuzungusha robo saa mbele ya kufika. Kwa jumla unapanda meta 200 hivi, lakini hupandi mara moja. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na magoti yanahesabu yote.

Kuko miti ya mreteni, mifupi na iliyopindapinda, ambayo kivuli chake kinafunika mutu mumoja tu. Kuko udongo mweusi wenye vidonge vidonge kando ya njia. Nilitaka kuukanyaga, muzee akanishika mukono. Udongo ule ni hai. Vidudu na kuvu vidogo sana vimeshikana pamoja na muchanga, na ndivyo vinavyozuia upepo usipeperushe inchi yote. Muguu mumoja unauvunja kwa nukta moja, na kupona kwake kunahitaji miaka mingi. Tangu pale nilitembea juu ya jiwe ao ndani ya njia, sawa mutoto aliyeonywa.

Munara wa kwanza kujulikana unaitwa Ancient Art. Kichwa chake kimejikunja sawa vile skurubu. Ile siku tuliona watu wawili juu yake, wadogo kama sisimizi, wamefungwa kamba. Ndiyo, kuko watu wanaopanda vitu vile! Titan wenyewe ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1962 na watu watatu, Layton Kor, Huntley Ingalls na George Hurley, na gazeti National Geographic lilichapa habari yao mwaka ule ule. Sisi tulitosheka na kutembea chini.

Katikati ya njia kuko shimo la bonde lenye kuta zilizosimama. Hapo wameweka ngazi ya chuma, fupi. Ukiogopa, geuka, tazama jiwe, shuka kinyumanyuma. Usione haya. Muzee wa miaka 70 alishuka vile, na mimi nilimufuata.

Kisha unafika chini ya Titan. Hapo ninakuomba usipite mbio. Weka mukono juu ya jiwe. Utasikia vijiwe vya duara vilivyoshikwa ndani ya muchanga uliokaza, sawa karanga ndani ya mukate. Kila kijiwe kilizungushwa na muto ambao hauko tena, kikitoka katika mulima ambao hauko tena. Nilisimama pale dakika nyingi. Maisha yangu yote nilikaa karibu na mawe, na ile ilikuwa mara ya kwanza kuligusa moja bila kuuliza bei yake.

NILIPOPOTEZA NJIA

Juu ya jiwe tupu hakuna alama ya miguu. Kwa hiyo watu wa njia ile wameweka marundo madogo ya mawe, matano ao sita yaliyopandana, kukuonyesha upande wa kwenda. Ukisimama kwenye rundo moja, unatafuta kwa macho rundo linalofuata.

Kisha Titan nilisikia nguvu. Muzee alikuwa akitembea polepole, na ndugu wa Likasi alikuwa pamoja naye. Mimi nilitangulia. Niliona mahali pa wazi, nikafikiri, njia ni hapa tu. Sikutafuta rundo. Dakika tano, dakika kumi. Jiwe likaanza kuinama chini ya miguu yangu. Nilipiga hatua moja tena, vumbi la muchanga likateleza chini ya kiatu, na mbele yangu hapakuwa na kitu. Chini, meta 20 ao 30, niliona kichwa cha muti.

Nilikaa chini kwa matako, sawa mutoto. Moyo ulipiga. Nikaita. Sauti yangu iligonga Titan ikarudi, ikagonga ukuta mwingine ikarudi tena, na sikujua kama ni mimi ninayejibu ao ni wao. Nitakuambia ukweli: shauri la kwanza lililonijia lilikuwa kuendelea mbele, kukata kona, nipate njia upande wa pili. Majivuno yanatoa mashauri ya namna ile.

Asubuhi, kwenye motoka, muzee alikuwa amesema neno moja ambalo sikulisikiliza vizuri: "Ukikosa kuona rundo, usitafute la mbele. Rudi kwenye la mwisho uliloliona." Nilikumbuka neno lile nikiwa nimekaa pale. Niligeuka, nikatambaa kwa mikono na magoti mpaka mahali jiwe lilipokuwa tambarare, nikarudi kinyume. Rundo la mwisho lilikuwa mbali kuliko nilivyofikiri. Nililipita zamani, nami sikujua.

Muzee alinikuta nimekaa karibu nalo. Alitazama magoti ya suruali yangu, mekundu. Hakuuliza kitu. Alinipa maji. Ndugu wa Likasi njo alisema: "Pasta, leo utahubiri vizuri!" Tulicheka, lakini mikono yangu ilikuwa ingali ikitetemeka.

"HAMUNA KITU"

Njia inakwisha juu ya mugongo wa mulima mudogo. Tulifika kukiwa bado dakika kumi kwa saa sita. Upande mumoja unaona bonde lenye ardhi iliyokunjwakunjwa, nyekundu, zambarau na nyeupe. Upande wa pili, mbali, milima ya La Sal, ambayo kilele chake kinapita meta 3,800, na wakati wa baridi inavaa teluji. Nyuma yako minara yote imesimama mustari. Tulikaa, tukala mukate.

Pale muzee alituelezea habari ya baba yake. Mwaka 1952 mutu mumoja aliyeitwa Charles Steen aligundua uranium nyingi kusini-mashariki ya Moab. Moab ilikuwa kijiji cha watu 1,200 na kitu. Kufika mwaka 1960 walikuwa karibu 4,700. Kila mutu alinunua mashine ndogo ya kusikiliza nguvu ya uranium, akaingia jangwani. Baba yake muzee vile vile. Alipita na mashine yake mpaka chini ya minara hii, siku mbili. Aliporudi nyumbani mutoto akamuuliza: baba, umeona nini kule? Naye akajibu neno moja.

Ndugu wa Likasi alitafsiri bila kujua anachotafsiri: "Alisema, hamuna kitu."

Musomaji, nilitazama chini. Ilikuwa sauti ya baba yangu kabisa, katika luga nyingine.

Sisi watu wa Katanga tuna sehemu katika habari ya uranium. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitoa sehemu kubwa ya uranium ambayo Marekani ilitumia wakati wa vita kuu ya pili, na jiwe la Shinkolobwe lilikuwa na nguvu kupita mbali jiwe la Utah. Jimbo lile na lake letu zilifanya kazi moja bila kujuana. Na mwisho wao vile vile unafanana. Kiwanda cha uranium cha Moab kilianza mwaka 1956, kikasimama mwaka 1984. Kazi ikakwisha, watu wakahama, nyumba zikabaki tupu. Kando ya muto Colorado kulibaki kilima cha takataka ya uranium, tani milioni 16. Tangu mwaka 2009 serikali yao ilianza kuiondoa kwa treni, gari moja kisha lingine, kuizika mbali na maji. Na wachimbaji wengi wa inchi ile, zaidi sana wenyeji Navajo, waliugua mapafu juu ya hewa na vumbi la migodi. Mwaka 1990 kulitoka sheria ya kuwalipa. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Baba yake muzee alikuwa mumoja wao.

Sasa tazama. Jiwe lililokuwa na kitu lilikwisha, likaacha madeni. Na lile lililoitwa "hamuna kitu"? Lingali limesimama, na leo muji wa Moab unakula kwa sababu yake. Watu wanatoka pande zote za dunia, wanalala kule, wanakula kule, wanakodi baisikeli, ili watembee tu kati ya mawe na kutazama.

Nisikudanganye: hata kazi hii ina shida yake. Muzee alisema kodi ya nyumba imepanda sana, na vijana wanaotumika katika hoteli hawapati mahali pa kulala. Hakuna mali isiyo na taabu. Lakini hii haikuacha kilima cha sumu kando ya muto, wala haikumaliza mapafu ya baba wa mutu.

NA SISI HUKU

Usifikiri ninakuambia: acha mugodi, ngojea watalii. Hapana. Watoto wanakula leo. Tena si kila inchi ina minara. Lakini tuna vitu ambavyo hatujavitazama hata mara moja. Katika bustani ya Kundelungu, maji ya Lofoi yanaanguka kutoka urefu unaopita meta 300. Yaani yanapita Titan. Ni wangapi kati yetu wamepeleka watoto wao kule? Barabara ni mbaya, ndiyo, na safari ni bei. Basi anza karibu. Kuko kilima, kuko pori, kuko kichuguu kikubwa nyuma ya kijiji cha bibi yako.

Siku moja, siku ya mapumziko, chukua watoto. Na ufuate mafundisho ya muzee wa Moab:

Beba maji kuliko unavyofikiri, na kila mutoto abebe yake. Vaa viatu vinavyoshika na kofia. Mwambie mutu anayebaki nyumbani mahali munapokwenda na saa ya kurudi. Weka saa ya kugeuka, na ikifika, geuka, hata kama kilele kiko karibu. Mupotezapo njia, rudini kwenye alama ya mwisho muliyoiona.

Na kwa sisi wa migodi ninaongeza moja. Usitembeze watoto kwenye mashimo ya zamani, hata yakionekana makavu na mazuri. Kuta zake zinaanguka bila kuonya. Usiwaache wacheze juu ya vilima vya takataka ya kiwanda, wala wanywe ao waoge katika maji yanayotoka pale. Mahali pa kazi ya jiwe na mahali pa kutembea ni pawili mbalimbali.

Ninabaki na neno moja. Niliporudi nyumbani, mutoto wangu wa tano alikuja mbio na jiwe mukononi. Lilikuwa jiwe la kawaida, la barabara. Nililigeuza, na mudomo wangu ulifunguka kusema lile neno la baba. Nikalimeza. Nikamuuliza: "Umelitoa wapi? Twende unionyeshe."

Tulikwenda. Ilikuwa karibu tu, nyuma ya lupango ya jirani. Tulikaa pale mpaka jua lilipoingia, na alinionyesha mengine saba.

MAMBO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni mahali gani karibu na kwetu ambapo watu wanasema "hamuna kitu"? Nani kati yetu amekwisha kwenda kutazama?

2. Juu ya nini mwandikaji alitaka kuendelea mbele alipopoteza njia? Kuko wakati sisi katika nyumba hii tulifanya vile?

3. Baba na mama: kazi ya mugodi imewafundisha nini juu ya mawe ambacho watoto hawajui? Waelezeni leo jioni.

4. Watoto: tafuteni jiwe moja moja, mulilete mezani. Kila mutu aseme anachoona ndani yake, bila kusema bei.